Ndege ya plastiki ya kuunga: namna ya kuijenga na kuipaka rangi mara ya kwanza

Ndugu anarudi kutoka Ulaya, anafungua valizi, anatoa karto ndogo. Juu yake kuko picha ya ndege. Mtoto anafurahi. Lakini akifungua haoni ndege: anaona vipande vya plastiki ya kijivu, karatasi ya michoro na vichupa vya rangi. Wengi wanaanza kubandika mbiombio, na jioni kazi imeharibika. Huku kwetu si rahisi kupata kipande kingine, kwa hiyo ni vizuri kujua njia mbele ya kuanza.

Ni ndege gani?

Tuchukue mfano wa Spitfire ya kampuni Airfix ya Uingereza, juu watu wengi wanaanza na hiyo. Airfix ilianzishwa mwaka 1939 na Nicholas Kove, mtu wa asili ya Hungaria. Baadaye ilitoa Spitfire, ndege yake ya kwanza ya kuunga. Ndege ya kweli iliruka mara ya kwanza tarehe 5 Machi 1936, na jina lake lilikua sana mwaka 1940, wakati Waingereza walipozuia ndege za Ujerumani. Zilitengenezwa zaidi ya 20.000.

Kwenye karto utasoma 1/72. Ni kusema sentimita 1 ya mfano ni sentimita 72 za ndege ya kweli. Mabawa ya Spitfire yalikuwa na mita 11 na kidogo kutoka ncha moja mpaka ingine. Kwa mfano yanabaki karibu sentimita 15 na nusu. Inaenea kwenye kiganja.

Karto ya wanaoanza iko na vipande, kole kidogo, burashi, rangi za akriliki zinazochanganyika na maji, na vibandiko vya alama.

Kujenga

Kwanza soma karatasi ya michoro yote, mwanzo mpaka mwisho. Kila kipande kiko na namba, na namba hiyo iko pia kwenye kijiti kinachokishika. Osha plastiki na maji ya vuguvugu na sabuni kidogo, juu mafuta ya kiwandani yanakataza rangi kushika. Acha ikauke.

Usivunje kipande kwa mkono. Kata na kikata kucha au kisu kidogo, kisha lainisha fasi ulipokata na msasa (papye vere) laini. Kata vile unavyohitaji tu. Ukikata vyote siku moja, vidogo vitapotea.

Jaribu kila kipande bila kole. Kikiingia sawasawa, njo unabandika. Kole hii haifanyi kama ile ya viatu: inayeyusha plastiki kidogo, na pande mbili zinakuwa kitu kimoja. Tone moja ndogo linatosha. Ukiweka nyingi, inatoka nje na alama ya kidole inabaki pale milele.

Hapa njo wengi wanakosea: rubani na kiti chake vinapakwa rangi na kuwekwa ndani mbele ya kufunga pande mbili za mwili wa ndege. Ukifunga kwanza, burashi haifiki tena. Ukisha kufunga, shika na mpira au vibanio vya nguo mpaka asubuhi. Kisha weka mabawa, na uangalie kutoka mbele kama yote mawili yamepanda sawasawa.

Kioo cha rubani kinakuja mwisho. Kole ya plastiki inakitia ukungu. Tumia kole nyeupe ya mbao, ikikauka haionekani.

Kupaka rangi

Koroga rangi vizuri. Ikiwa nzito, ongeza tone la maji. Paka nyembamba, acha ikauke, paka tena. Mara mbili nyembamba ni bora kuliko mara moja nzito, juu rangi nzito inafunika mistari midogo ya plastiki.

Anza na rangi nyeupe-nyeupe ya chini ya tumbo. Kisha juu: udongo, na kijani kizito kwa mabaka. Rangi hizo hazikuwa za urembo: ukitazama kutoka juu, ndege inachanganyika na mashamba, kutoka chini, inachanganyika na anga.

Vibandiko vinakuja rangi ikishakauka kabisa. Kata kimoja, kitie ndani ya maji ya vuguvugu karibu nusu dakika, ngoja kianze kuteleza. Kisukume polepole kwenye fasi yake na burashi yenye maji, halafu kandamiza na kitambaa safi. Kikipinda, ongeza maji, usivute.

Kwa wazazi

Kole ya plastiki iko na harufu kali inayoumiza kichwa, na kuivuta kwa makusudi inaharibu ubongo. Katika miji yetu tumeona kole inafanyia watoto wa barabarani nini. Fungua dirisha, funga chupa kila mara, na kole ibaki mkononi mwa mkubwa. Kisu vilevile.

Jambo la pili: Spitfire ni ndege ya vita. Mtoto aliyekimbia mabomu anaweza kuiona na macho mengine kuliko yule wa Ulaya. Muulize kwanza. Kuko pia karto za ndege zinazobeba abiria, na kazi ni ileile.

Watoto wetu wanatengeneza motokari na ndege na waya na mikebe tangu zamani. Wanajua tayari kukunja, kupima na kurudilia. Karto hii inawaongezea kusoma mchoro na kungoja ikauke. Ndege ya kwanza itakuwa na makosa, usiitupe. Iweke kando ya ile ya pili, utaona mwenyewe fasi ulipojifunza.