Taja kwanza, jaza baadaye

Wadau, leo nataka tuzungumzie programu za kompyuta, ila naomba tuanzie Rufiji.

Mwaka 1998 watafiti walianza kufuatilia kaya za Rufiji, Kibiti ikiwa bado ndani ya wilaya hiyo. Mfumo wao wa kompyuta ulikuwa umetokea Navrongo, Ghana. Kila mtu alipewa namba yake, kisha wadadisi wakawa wanapita nyumba kwa nyumba kila miezi minne: nani kazaliwa, nani kafariki, nani kahamia, nani kahama?

Sasa, Rufiji msimu wa mpunga watu hushuka bondeni na kulala kwenye madungu kulinda mazao. Huyo naye kahama? Jibu haliwezi kuachiwa kila mdadisi alitunge njiani. Ni lazima maana ya "mkazi" na vipengele vya fomu vijulikane kabla mtu hajabisha hodi.

Hapo ndipo nikaifikiria PHP, lugha ya skripti aliyoitoa Rasmus Lerdorf mwaka 1995. Haikulazimishi kusema kigeu kitabeba namba au maneno. Na klasi, ambayo ni kama ile fomu tupu, kwa miaka mingi ilikubali kuongezewa kipengele chochote, popote. Raha tupu! Lakini tuseme fomu ya mtu ina kipengele "amefariki", na mwandika programu akaruka herufi moja:

$mtu->amefarki = true;

PHP haikulalamika. Ilifungua kipengele kipya kimyakimya, kile halisi kikabaki kama kilivyokuwa. Mtoto kazikwa, kompyuta inamhesabu hai.

Usione ni jambo dogo. Takwimu za vifo ndizo mradi wa TEHIP ulizitumia kuzionyesha halmashauri za Rufiji na Morogoro Vijijini ni maradhi gani yanaua zaidi, ili fedha ziyafuate. Malaria iliongoza, ilhali fungu lake lilikuwa dogo mno.

Wenye lugha nao wamejifunza taratibu. PHP 7.4 ya mwaka 2019 iliruhusu kila kipengele cha klasi kitajwe pamoja na aina ya thamani yake. PHP 8.2, Desemba 2022, ikaanza kutoa onyo ukijaza kipengele ambacho hukukitaja.

Mimi nasema tusingoje onyo. Orodhesha vipengele vyote juu kabisa ya klasi, hata pale lugha inapokuachia uhuru. Atakayerithi kazi yako hatakuwa na wa kumuuliza, na yule mtoto hawezi kurudi kusahihisha daftari.