Vimelea vya Matamvua katika Samaki Wanaofugwa: Namna ya Kuvitambua na Kuvidhibiti

Mfugaji anayefika bwawani alfajiri na kuwakuta sato wakihema juu ya maji mara nyingi huhitimisha kuwa hewa ya oksijeni imepungua. Huenda yuko sahihi, kwa kuwa oksijeni ya bwawani hushuka zaidi kabla ya jua kuchomoza. Hata hivyo, iwapo samaki hao bado wanahema saa sita mchana, yafaa yakaguliwe matamvua, yaani viungo vya kupumulia vilivyofunikwa na mashavu.

Matamvua yenye afya huwa mekundu. Yaliyoshambuliwa hupauka, huvimba na kufunikwa na ute mzito unaozuia hewa kupenya, hivyo samaki hukosa pumzi hata katika maji yenye oksijeni ya kutosha. Dalili nyingine ni kukataa chakula, kujisugua kwenye kingo za bwawa na kujikusanya mahali maji yanapoingilia.

Miongoni mwa vimelea vinavyohusika ni minyoo bapa wa jenasi ya Cichlidogyrus, wanaopatikana katika sato na jamaa zake. Minyoo hawa ni wadogo sana na hujishikiza kwa kulabu. Wapo pia Trichodina, viumbe vya seli moja vinavyostawi katika maji machafu yenye samaki wengi kupita kiasi, pamoja na kimelea cha ugonjwa wa madoa meupe.

Kosa la kawaida ni kutibu mara moja na kuridhika. Minyoo hao hutaga mayai, na ganda la yai huhimili dawa nyingi. Mayai yakianguliwa siku chache baadaye, maambukizi huanza upya. Kimelea cha madoa meupe nacho hujificha chini ya ngozi ya samaki, kisha hudondoka chini ya bwawa na kugawanyika hadi kutoa watoto wapatao 1,000. Dawa huwafikia wale tu wanaoogelea wakitafuta samaki. Kwa sababu hiyo tiba hurudiwa kwa ratiba inayozingatia joto la maji.

Kosa la pili ni la hatari zaidi. Formalini hupunguza oksijeni ndani ya maji, hivyo kuimwaga katika bwawa ambalo samaki wake tayari wanahema kunaweza kuwamaliza kwa usiku mmoja. Dawa hiyo humdhuru pia anayeishika, na isitumike bila maelekezo ya mtaalamu. Kwa vifaranga, kuogesha kwa chumvi ndani ya ndoo ni njia nafuu, mradi mfugaji asiondoke: samaki akianza kupinduka, arudishwe mara moja kwenye maji safi.

Kinga ni rahisi kuliko tiba. Vifaranga wapya watengwe kwa wiki mbili au tatu, nyavu zianikwe juani kabla ya kuhamishiwa bwawa jingine, na baada ya mavuno bwawa likaushwe na kuwekwa chokaa.

Minyoo hawa wa matamvua hawamwambukizi binadamu. Samaki waliotibiwa kwa kemikali, hata hivyo, wasiuzwe kabla ya muda ulioelekezwa kupita.

Anayetaka uthibitisho wa hadubini ampelekee Afisa Uvuvi samaki aliye hai, ndani ya ndoo yenye maji ya bwawa lilelile. Samaki aliyekufa tangu jana hasaidii, kwa kuwa vimelea vingi hufa au kumwacha muda mfupi baada ya kifo chake.