Timu ni ya Nani? Historia ya Mpira wa Kulipwa Machakos

Mpira wa kulipwa ulikuja Machakos kwa kuhamia. Serikali ya kaunti, enzi za gavana Alfred Mutua, iliukarabati uwanja wa Kenyatta, na hapo ndipo Harambee Stars, timu ya taifa ya Kenya, ilipolitwaa kombe la CECAFA tarehe 17 Desemba 2017: sare ya 2-2 na Zanzibar, kisha kipa Patrick Matasi akapangua matuta matatu.

Kwa upande wa klabu, uwanja huo umewahi kuwa na mpangaji wake, Sofapaka, inayojiita Batoto ba Mungu. Mwenye timu ni Elly Kalekwa, mfanyabiashara mzaliwa wa Kongo. Ilipanda Ligi Kuu mwaka 2009 na, chini ya kocha Robert Matano, ikabeba ubingwa msimu huohuo. Timu ikiwa ya mtu mmoja, mchezaji anajua mlango wa kubisha mwisho wa mwezi; shida ni kwamba mlango wa pili hakuna. Tusker, KCB na Bandari zina kampuni au shirika nyuma yao. Gor Mahia na AFC Leopards ni za wanachama, na wanachama hao ni wengi siku ya debi, wachache siku ya ada.

Agosti 2019 kampuni ya kamari ya SportPesa, iliyonyimwa leseni, ilisitisha udhamini wake wa ligi. Hapo ndipo ikaonekana nani hasa alikuwa akilipa mishahara. Sony Sugar ilishindwa kufika mechini ikatupwa nje ya ligi. Kampuni nyingine ya kamari, BetKing, ikaja mwaka 2020 na ahadi ya shilingi bilioni 1.2 kwa miaka mitano. Ulipoisha msimu mmoja, ikaondoka.

Kwingineko ugomvi wa mishahara ni wa aina nyingine: kule Marekani na Kanada, wenye timu za hoki ya barafu waliwafungia wachezaji nje msimu mzima wa 2004-05 ili kuweka ukomo wa mishahara. Kwetu hakuna anayegombania ukomo: mgomo baridi wa mazoezini huwa ni wa malimbikizo.

Kwa malimbikizo hayo, tangu 2018 kanuni za FIFA humruhusu mchezaji asiyelipwa miezi miwili kuvunja mkataba, baada ya kutoa notisi ya siku 15. Mchezaji wa kigeni hupeleka kesi yake FIFA, na klabu inaweza kuzuiwa kusajili, kama ilivyowapata Leopards. Mkenya anayeichezea klabu ya Kenya hubaki na chama chake, KEFWA, na jopo la migogoro ya michezo jijini Nairobi.