Umeme wa Kilosa na Nukta Isiyo na Jina

Katika kamusi ya Krapf ya mwaka 1882, umeme ni mmweko wa mbinguni. Mwaka 2024 treni za umeme zilianza kupita Kilosa. Neno lilikwisha kushuka likakaa wayani. Sasa wanafizikia wahitaji jina jingine. Elektroni zenye nishati ndogo, katika baridi kali, hupenya chembe ndogo mno ya nusukipitishi moja moja: iliyomo ndani huizuia ifuatayo mpaka yenyewe itoke. Mzee wa Mikumi aliyeijua reli ya njia moja ya Kilosa hadi Kidatu atafahamu upesi, kwani treni ya pili hungoja stesheni. Chembe hiyo na tuiite nukta ya kwanta. Lugha haikupungukiwa, wanenaji ndio tuliochelewa.