Upande wa Pili

Mjomba wangu akiimba wimbo wa Kakai Kilonzo, hufika katikati akanyamaza. Sekunde nne hivi. Mkono wake wa kulia unasogea kidogo hewani, kisha anaendelea pale pale alipoachia. Nilipokuwa mdogo nilidhani amesahau maneno. Kumbe alikuwa anageuza santuri.

Ngoja nieleze, maana mimi na wewe ni watoto wa Spotify. Miaka ya 1970 na 1980 benga ilikuja kwa santuri ndogo zinazozunguka mara 45 kwa dakika. Upande mmoja ulibeba dakika tatu, nne ukibahatika. Sasa benga si muziki wa kukimbizwa. Mwimbaji anakusimulia kwanza kisa cha mke, cha deni, cha rafiki aliyemgeuka, na kisa kikiisha ndipo anayaachia magita, na hapo ndipo watu wanasimama. Dakika tatu zitatosha nini? Waliokuwa wakitoa muziki River Road wakaona suluhisho ni kuukata wimbo mara mbili. Upande wa kwanza hadithi, upande wa pili densi. Mkitaka kucheza, lazima mmoja wenu kwanza ainuke ageuze.

Benga yenyewe ilizaliwa kwa Wajaluo, kwa wapiga gita waliotaka nyuzi zao zilie kama nyatiti. Ikapanda basi, ikafika Ukambani, na Wakamba wakaifanya yao kabisa. Kilonzo na Kilimambogo Brothers, bendi iliyochukua jina la ule mlima ng'ambo ya Thika, waliimba Kikamba na pia Kiswahili, na ni hicho Kiswahili kilichowafikisha mbali na nyumbani. Alifariki 1987. Mjomba husema mwaka huo kama watu wengine wanavyosema mwaka wa njaa.

Mjomba anakaa Malili, kando ya Mombasa Road, upande wa Makueni. Ukisimama uani kwake usiku unaona taa za mji wa Konza. Ndiyo, ile Konza, Silicon Savannah yenyewe. Wageni wa mbali wamezoea kupita hapa. Reli ya Uganda ilipita Konza mwaka 1899 ikikimbilia Nairobi, na baadaye njia ya Magadi ikachipukia hapo kwenda kuchukua soda. Kisha 2008 serikali ikazindua Ruwaza ya 2030, mwaka uliofuata ikanunua ekari 5,000 za Malili Ranch, na Januari 2013 Rais Kibaki akaja kuzindua ujenzi. Magazeti yakachora maghorofa ya vioo. Kwa miaka kadhaa waliohamia huko walikuwa swara na upepo.

Eneo la kilomita kumi kuuzunguka mji huo liliwekewa masharti ya ujenzi, ili vibanda visiuharibie sura. Mjomba, aliyetaka kuongeza chumba kimoja cha duka, aliuliza ofisi fulani, akatumwa ofisi nyingine, akarudishwa ya kwanza. Hakujenga. "Mimi," aliniambia, "nimezuiwa kujenga karibu na mji ambao haujajengwa."

Huo mwaka wa 2009 nyaya za intaneti za baharini zilifika Mombasa, tukaambiwa dunia imefunguka. Kilichomfikia mjomba ni Skiza. Kama umesahau inavyofanya kazi: unalipia wimbo ambao wewe mwenye simu huusikii. Anausikia anayekupigia. Mjomba alijiwekea benga, akafurahi, halafu akagundua kwamba ndiye mtu pekee Malili asiyeweza kuisikia. Akawa anaazima simu ya jirani ajipigie. Anaiacha ya kwake iite mezani, anasikiliza ya jirani na macho kayafumba. Na kabla magita hayajashika, simu inakata. Upande wa kwanza tu.

Lakini nilitaka kuzungumzia kaseti.

Philips walileta kaseti 1963, na ilipoenea kwetu ilifanya jambo ambalo santuri haikuweza: ilimpa mtu wa kawaida uwezo wa kurekodi. Wenye bendi waliumia sana. Kaseti moja ya dukani ilizaa hamsini za vichochoroni, na mauzo ya santuri yakafa. Nikisoma historia ya muziki wetu, hapa ndipo kila mtu analia, na ni haki. Ila mle mle katika wizi huo kulikuwa na kitu kingine. Mjomba hakuwa na pesa ya santuri zote. Alichofanya ni kuweka redio kaseti mbele ya redio nyingine, anangoja idhaa ya Kikamba ya Sauti ya Kenya icheze Kilonzo, anabonyeza vitufe viwili pamoja, na nyumba nzima inaamriwa kunyamaza.

Susu, bibi yetu, hakuwa mtu wa kuamriwa. Mwaka 1985, katikati ya wimbo, aliingia. Kaseti ikamnasa. Kwa sekunde kama tisa, juu ya magita, mama mmoja wa Kikamba anauliza kwa ukali ni nani aliyewaacha mbuzi nje na wingu lile linakuja. Mlango unagonga. Wimbo unaendelea.

Alifariki 1994. Picha zake tunazo mbili, moja ya kitambulisho. Sauti ni hiyo tu.

Mwaka jana niliamua kuiokoa. Nikaibeba kaseti hadi Luthuli Avenue kwa fundi mmoja kijana, mpole, mwenye vifaa vya maana. Nilimwambia ni muziki wa zamani, aupeleke kwenye kompyuta. Hilo lilikuwa kosa langu, nilisema muziki. Baada ya siku mbili faili likaingia kwa WhatsApp na ujumbe: "Boss, ilikuwa na kelele mob, nimekusafishia." Nikavaa vipokea sauti. Magita yalikuwa safi kama ya jana. Nikangoja. Mahali pa susu palikuwa na kitu kama mtu anayepumua chini ya maji, halafu benga.

Sikumlaumu. Programu imefundishwa kwamba muziki ni muziki na kinachobaki ni kelele. Ni kama ile michoro ya maghorofa ya Konza, haikuwa na mbuzi hata mmoja.

Ila sikulala. Faili lake la kwanza, kabla ya kusafisha, alikuwa ameshalifuta ili apate nafasi. Kaseti nayo, nilipoirudisha Malili, ukanda wake ulikuwa umelegea, na ukanda wa umri huo unaweza kuchezwa mara moja zaidi au ukaliwa na mashine hapo hapo. Tukakaa nayo mezani kama watu wanaosubiri daktari. Mjomba akachomeka kalamu ya Bic kwenye tundu, akazungusha polepole mpaka ukanda ukakaza. Akafuta kichwa cha redio kaseti kwa pamba na spiriti. Mimi nikaweka simu mbele ya spika, nikabonyeza rekodi. Vile vile alivyofanya yeye 1985, na hatukulitaja jambo hilo.

"Nyamazeni," mjomba akawaambia watoto.

Kilonzo akaanza. Sauti ilipanda na kushuka kama gari la zamani mlimani. Nikahesabu dakika, susu hakuja. Nikamtazama mjomba. Ukanda ukafika mwisho, kitufe kikaruka.

"Yuko upande wa pili," akasema, akainuka, akageuza.

Alikuja. Mbuzi, wingu, mlango. Wakati huo huo lori likafunga breki kule barabarani, na mtoto mmoja akauliza, "Huyo ni nani anagombana?" Vyote vimo.

Jioni mjomba akataka kujua sasa susu nimemweka wapi. Nikamwambia yuko kwenye simu, na nakala nyingine iko kwenye wingu. Ilibidi nieleze: ni kompyuta za watu, ziko mbali, sijui nchi gani. Akageuka kutazama taa za Konza, ambako siku hizi kweli kuna kituo cha kitaifa cha kuhifadhi data, umbali wa kutembea na mbuzi.

"Na pale je?"

Nikamwambia pale ni kwa mambo ya serikali na makampuni.

Akafikiri kidogo. Akaniomba nimwekee tena, lakini nianzie mbele kidogo, kabla hajaingia.