Hita ya gesi yenye feni
Hita ya gesi yenye feni hupuliza hewa moto, na hutumiwa sana kwenye maeneo ya ujenzi Kanada na Marekani wakati wa baridi. Kabla ya kuiwasha, mtungi wa propani husimamishwa wima na maungio ya mpira wa gesi hupakwa maji ya sabuni; povu likitokea, gesi inavuja. Feni hutangulia, kisha kitufe cha gesi hushikiliwa hadi moto ushike. Ukikataa, husubiriwa dakika 5 hivi, kwani propani ni nzito kuliko hewa na hutuama sakafuni. Kuzima huanzia kwenye valvu ya mtungi: mwali humaliza gesi iliyobaki mpirani, feni ikiendelea kupoza hita. Kuchomoa plagi kwanza ni kosa la wenye haraka. Muda wote, chumba kipitishe hewa. Moto huo huweza kutoa monoksidi ya kaboni, ambayo haina harufu.