Mabaharia wa Pwani na Maneno ya Kazi Yao

Atazamaye vyeo vya chomboni huona mara moja kwamba si vya asili ya Kibantu. Nahodha ni neno la Kiajemi, maana yake bwana wa chombo. Serahangi, msimamizi wa mabaharia, latoka hukohuko. Baharia ni la Kiarabu. Kwa ushahidi huo imewahi kudhaniwa kwamba watu wa pwani ya Afrika Mashariki walifundishwa ubaharia na wageni. Hoja hiyo yataka kupimwa.

Periplus, kitabu cha Kiyunani cha karne ya 1, chataja mashua zilizoshonwa katika bandari ya Rhapta, nalo jina la bandari latokana na kushonwa huko. Chasema tena kwamba manahodha wa Kiarabu walioa kwa wenyeji, wakaijua pwani na kuifahamu lugha yake. Basi aliyejifunza hakuwa mwenyeji peke yake.

Ufundi wa kushona ulidumu katika mtepe, chombo cha Wabajuni wa visiwa vya Lamu, hata ukatoweka katika nusu ya kwanza ya karne ya 20. Mbao zake zilishonwa kwa kamba za makumbi, na tanga lake la mraba lilikuwa mkeka. Maji yalipenya katika mishono, na mabaharia walikuwa hawana budi kuyafua mchana na usiku.

Majahazi makubwa ya Ghuba yalikuja kwa kaskazi na kurudi kwa kusi. Alan Villiers, aliyesafiri katika chombo cha Kuwait mwaka 1938 na 1939, aliwakuta mabaharia wakidaiwa na nahodha, naye nahodha akidaiwa na tajiri. Maneno ya vyeo yalitoka katika biashara ya namna hiyo, yakifuata mtaji na amri.

Lakini kazi yenyewe ina maneno mengine. Kafi ni neno la Kibantu. Kutweka tanga ni ndugu ya kutwika mzigo kichwani, na tanga hutuliwa kama mzigo utuliwavyo. Maneno haya hayakungoja jahazi la mgeni. Vyeo vyaonyesha nani alimiliki chombo na nani aliamuru. Vitenzi vyaonyesha mikono iliyokiendesha. Mwanahistoria ahesabuye vyeo peke yake humwandika tajiri, akamsahau baharia.